Nukta Moja ya Ziada

Mimi ulimi wangu hauijui herufi R, na sitaki mtu anionee huruma kwa hilo. Nimezaliwa Kiongoroni, kule mwisho kabisa wa delta, ambako bibi yangu alisema Lufiji, baba akasema Lufiji, na mto wenyewe haukuwahi kulalamika. Kuiandika R naiandika, kuisoma naisoma. Ila ikifika mdomoni inageuka L, na hapo ndipo watu wanapopata la kuchekea. Nimewashonea watu nguo hapa Kibiti miaka mingi, na kila shule zikikaribia kufunguliwa hakosi mzazi mmoja wa kuja dukani kuniuliza kwa makusudi, "Fundi, sare ziko tayari?" ili tu anisikie nikijibu, "Sale ziko tayali." Atacheka huyo mpaka ashike mlango. Nawaacha wacheke wee, halafu nawaambia nguo bado vifungo, waje kesho.

Kuna kicheko kimoja tu ambacho sikukisamehe. Nilipomaliza shule nilikwenda kwenye usaili wa kazi ya simu, katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Walitaka msichana wa kupokea simu na kuzituma. Wakanipa karatasi nisome kwa sauti. Nilisoma nusu ukurasa, nikafika kwenye "taarifa ya haraka", ikatoka "taalifa ya halaka". Mabwana watatu waliokaa mezani wakatazamana, mmoja akajiziba mdomo kwa faili. Wakaniambia sauti ninayo, tena nzuri, lakini ulimi wangu utapotosha watu. Mbele yao sikulia, thubutu! Nililia kwenye basi, njia nzima, na mwezi uliofuata nikaanza kujifunza cherehani.

Sasa basi, Jumamosi moja redio yetu ya nyumbani ilinyamaza. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori aliyestaafu na bila taarifa ya habari hali chakula kikashuka, akaniomba niipitishe kwa fundi redio, nyuma ya stendi. Nimekaa pale kwenye benchi nasubiri, nikasikia mlio unatoka chumba cha ndani. Ti, taa, ti. Unasimama, unaanza tena, na mwingine unaujibu. Nikamuuliza fundi, "Huko ndani kuna nini, mwenzangu?"

"Hao wazee wa telegramu," akasema bila kuinua uso. "Wana chama chao. Wanakuja kujikumbusha kazi."

Nikachungulia, nikabisha hodi, nikaingia. Walikuwa wazee sita au saba, wamekaa kwenye viti vya plastiki kuzunguka meza ndefu. Mezani palikuwa na mitambo miwili ya zamani, kila mmoja una kitufe cha kugonga kwa vidole, na waya zimekwenda kwenye betri ya pikipiki. Mmoja alikuwa anagonga, mwenzake amempa mgongo anaandika. Nikawaamkia, wakaniitikia marahaba kwa mkupuo. Mwenyekiti wao, mzee mrefu mwembamba wa hapahapa Kibiti, akanieleza kwamba wote walikuwa makarani wa telegramu, wakituma simu za watu kwa nukta na mistari kabla simu za mkononi hazijazaliwa. Kazi imekufa, wao hawataki ife. Kila Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri hukutana, wanatumiana ujumbe kutoka upande huu wa chumba kwenda upande ule.

"Sisi tukiondoka," akasema, "hakuna mtu Rufiji nzima atakayejua mlio huu ulikuwa unasema nini."

Sijui nini kilinishika. Nikasema, "Na mimi nataka."

Katibu akacheka. Huyu ni mtu wa Tabora, alihamishiwa kwetu akiwa kijana, akaoa, hakurudi tena kwao, na R yake inanguruma kama pikipiki inayopanda mlima. "Mama, unataka redio au unataka telegramu?"

"Ledio nimeiacha kwa fundi," nikamjibu. "Huku nataka kugonga."

Waliposikia hiyo ledio wakatabasamu, lakini kwa adabu. Mwenyekiti akanisomea sharti. Aliyekuwa karani wa telegramu anaingia moja kwa moja. Asiyekuwa karani lazima apokee ujumbe mbele ya wanachama wote, uandikwe bila kukosea hata herufi moja. Nafasi ni mbili tu. Ukishindwa mara mbili, kunywa chai unakaribishwa maisha yako yote, ila kile kiti cha kwenye kitufe hutakikalia. Hapo walikuwa hawajawahi kumpokea mwanamke, wala mtu yeyote wa nje.

Niseme kweli: nilikitaka kile kiti mpaka nikaona aibu. Mwanamke mwenye wajukuu wanne! Lakini nilikitaka kama mtoto anavyotaka nguo ya Idi, na sikumwambia mtu sababu.

Mwenyekiti akanipa karatasi yenye herufi zote na alama zake, nikaibandika ukutani dukani, juu ya cherehani. A ni nukta na mstari. B ni mstari na nukta tatu. Nikaenda nazo taratibu mpaka siku niliyofika kwenye R. Nukta, mstari, nukta. Ti, taa, ti. Nikaitazama L. Nukta, mstari, nukta, nukta. Ti, taa, ti, ti. Nikarudi kwenye R, nikaenda kwenye L, nikaacha mkasi. Yaani herufi ishirini na sita zote hizo, na hizi mbili tofauti yake ni nukta moja mwishoni! Nilicheka peke yangu mpaka mteja mmoja akauliza kama niko salama. Nikamwambia, "Mwanangu, kuna kitu kinanifuata tangu shule."

Mtihani wa kwanza aligonga mwenyekiti mwenyewe. Niliandika vizuri, nikamkabidhi karatasi nikiwa nimejaa fahari. Akaisoma, akakohoa, akampa katibu. Ujumbe ulikuwa KURA IMEAHIRISHWA MPAKA JUMATANO. Mimi nilikuwa nimeandika KULA.

"Jamani!" katibu akapaza sauti. "Kula kumeahirishwa mpaka Jumatano! Wali wa leo ufunikwe!"

Chumba kizima kikaangua kicheko, na mimi nikacheka nao kwa meno tu. Sikuwa na cha kujitetea. Mwenyekiti alikuwa amegonga R safi kabisa. Mimi ndiye nilisikia mwanzo wa neno, kichwa changu kikalitamka kwa ulimi wa nyumbani, mkono ukaandika kilichotamkwa. Kosa lilikuwa langu mia kwa mia. Nilikwenda nyumbani nikampikia mume wangu huku nabamiza vifuniko vya sufuria, na yeye ananijua, akala haraka akatoka nje.

Kesho yake ndiye aliyenipa dawa, tena bila kujua. Nilikuwa nagonga kijiko kwenye sahani, nimenuna. Akasema, "Mke wangu, sahani hiyo ina kosa gani? Lete hicho kijiko, nikugongee mimi."

"Wewe unajua nini?"

"Sijui kitu. Karatasi si ile pale?"

Akavaa miwani, akaanza kunigongea moja moja kutoka kwenye ile karatasi ya dukani, niliyokuwa nimeileta nyumbani. Kwa kuwa hakujua kuunda maneno, alinitumia chochote macho yake yalipoangukia: R, L, L, K, R, T, L. Hakukuwa na neno la kubahatisha wala la kutamka kichwani. Ilibidi nihesabu tu. Nukta ngapi, mstari uko wapi, imeishia wapi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba tatizo langu ni kusoma kabla ya kusikia. Tuliendelea hivyo kila siku baada ya alasiri, yeye akigonga upuuzi wake na mimi naandika, mpaka nikaweza kujaza ukurasa mzima wa upuuzi bila kukosea nukta moja. Watoto walipokuja kututembelea walidhani tumegombana, maana hatuongei, tunagongeana vijiko.

Miezi mitatu baadaye nikarudi kwa nafasi yangu ya pili na ya mwisho. Safari hii anayetuma alikuwa mzee wa Mohoro. Ndiye mkubwa wao wote kwa umri, amekonda, ana kofia nyeupe safi, na hupanda basi asubuhi ili awahi. Wenzake wanamheshimu kupita kiasi. Walinieleza kwamba enzi zake makarani wa Dar es Salaam walikuwa wakisikia mlio tu wanasema, huyo ni wa Mohoro, kabla hajajitaja, kwa jinsi mkono wake ulivyokuwa mwepesi na laini. Yeye hunena kama mimi, kama watu wetu wote wa huko chini, na siku ile alinipokea vizuri. "Kalibu, binti yangu," akaniambia. "Usiogope. Mkono wangu hauumi mtu."

Utaratibu ni huu. Mtumaji anasoma ujumbe kwenye fomu, anautuma. Mtahiniwa anaandika, na waamuzi wawili nao wanaandika, kila mmoja kwake. Mwisho karatasi tatu zinalinganishwa. Waamuzi walikuwa mwenyekiti na katibu. Katibu aliweka simu yake mezani inarekodi, kwa ajili ya wanachama waliohamia Dar, ambao huwatumia kwenye kundi lao wasikilize.

Mzee akaisoma fomu mara moja, akaigeuza, akatuma kwa kichwa huku midomo ikichezacheza. Na kweli, ulikuwa mkono mzuri ajabu. Niliupenda papo hapo. Lakini sikujiruhusu kufurahi, nilihesabu tu. Nilipomaliza nikaitazama karatasi yangu kwa mara ya kwanza kama maneno, na moyo ukanipasuka paa. Nilikuwa nimeandika: BABA AMELUDI MOHOLO SALAMA.

Nikataka kusahihisha. Penseli ilikuwa mkononi, hakuna aliyekuwa ananitazama, na mjinga yeyote angejua kilichokusudiwa. Lakini nilikuwa nimehesabu. Ti, taa, ti, ti, kwenye AMELUDI na kwenye MOHOLO. Kama nikiibadilisha, nitakuwa nimewaandikia wanachokitaka, siyo nilichokisikia. Nikaikabidhi kama ilivyo.

Mwenyekiti akaziweka karatasi tatu pamoja. Yake ilisema AMERUDI MOHORO. Ya katibu ilisema AMERUDI MOHORO. Akaiangalia yangu, akavua miwani, na niliona kwamba anasikitika kwa dhati.

"Pole sana, mama," akasema.

"Mama, Moholo tena?" katibu akadakia. "Ulimi umeshuka mpaka mkononi!"

Wakacheka. Aisee, nilipandwa na hasira mpaka masikio yakawaka moto. Nikasimama. "Nimeandika kilichotumwa! Halufi kwa halufi!"

Hapo ndipo walipovunjika mbavu. Halufi kwa halufi! Mmoja alimwaga chai yake. Nikawaangalia wote, mmoja baada ya mwingine, nikasema, "Chekeni. Mkimaliza nitasubili jibu langu. Simu ya katibu imelekodi. Ifungueni."

Mzee wa Mohoro hakucheka. Alikuwa anautazama mkono wake.

Katibu akafungua simu. Tukasikiliza, na wote wakasema kwa pamoja, "Si hiyo R?" Nikamgeukia mwenyekiti. Nikamwambia, kwa heshima yote, mwenyekiti wangu, fumba macho. Usilisikilize neno. Usimsikilize mzee. Hesabu tu, halafu kidole chako kigonge mezani unachokisikia. Akanitazama, akafumba macho. Ikapigwa mara ya pili. Kidole chake kikafuata mlio: ti, taa, ti. Na kabla hakijapumzika, kikaongeza: ti.

Akafumbua macho. "Rudia," akamwambia katibu, na safari hii hakuna aliyecheka. Wakairudia mara nne. Kila R iliyotumwa ilikuwa na nukta moja ya ziada, nyepesi, imekaa vizuri mahali pake, haina wasiwasi. Katibu akasema polepole, "Loo," na R zake zote zikamwishia.

"Nimepokea mkono huu tangu nikiwa kijana," mwenyekiti akasema. "Ukija tu, najua anachotaka kusema. Kumbe sikuwahi kuusikiliza."

Nilimwogopea mzee. Mtu umeishi na sifa moja maisha yako yote, halafu fundi cherehani anakuja kuibomoa mbele ya wenzako. Nilianza kumwomba radhi, akanizuia kwa kiganja.

"Dal palikuwa na kalani mmoja mgeni," akasema taratibu. "Kila nikituma, ananiambia ludia. Ludia. Nikasema huyu wamemtoa wapi, hana masikio. Kumbe masikini alikuwa anasikia." Akaanza kucheka, cheko la chini, la mabega, mpaka machozi yakamtoka, nasi sote tukacheka naye, na kicheko kile hakikumuuma mtu.

Nilikaa chini. Sikujua nishukuru au nirushe kiti. Mtu huyu alikuwa na ulimi wangu huuhuu, na alikuwa nao kwenye kidole, kazini, kila siku ya Mungu, mpaka akastaafu kwa heshima. Alituma habari za misiba, za harusi, za wagonjwa waliopona na baba waliorudi. Zote zilifika. Hakuna aliyepotoka kwa sababu yake. Mimi niliambiwa nitapotosha watu, nikaamini, nikalibeba neno lile miaka yote hii kama deni. Wallahi siku ile nililitua pale sakafuni, sikuinama tena kuliokota.

Katibu, maana hakosi neno, akasema, "Lakini mwenyekiti, sharti linasema karatasi zilingane, na hazilingani."

"Hazilingani kwa sababu mimi na wewe tumefeli," mwenyekiti akamjibu. "Mama amefaulu peke yake. Andika."

Akaandika kwenye daftari la wanachama, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwake. Alikwenda mwenyewe kukichukua kile kiti cha kwenye kitufe, akakifuta vumbi kwa kanzu yake, akanivutia. "Kalibu, mama," akasema, kwa L ya makusudi, ila macho yake hayakuwa na kejeli. Nikakaa. Sitadanganya kwamba nilikuwa mnyenyekevu. Nilikaa kama aliyezaliwa pale, mgongo wima, na laiti wale mabwana watatu wangepita dirishani wakati ule ningewapungia mkono.

Nilidhani yameisha. Mzee wa Mohoro akasogeza kiti chake upande wa pili wa meza, akageuka, akanipa mgongo. Akaomba penseli.

"Sasa nitumie mimi," akasema.

"Mzee, wewe tena?"

"Ndiyo, mimi. Mtihani ni wenu peke yenu? Nitumie. Na uchague maneno magumu."

Nikaweka vidole kwenye kitufe, na kwa mara ya kwanza nikakigonga nikiwa mwanachama. Sikufikiri sana. Niligonga: MZEE WA MOHORO MKONO WAKO NI MZURI KULIKO WETU. Niliigonga kila R kwa uangalifu kama ninayeshona kola, nikasimama pale panapotakiwa kusimama.

Aliandika polepole, midomo imefungwa. Niliona mabega yake yakihesabu. Alipomaliza akaishika karatasi mbali kidogo na macho, na sote tukainuka vitini kuchungulia. Kila R ilikuwa R, na ile L moja ilikuwa L. Kisha akatusomea kwa sauti, kwa fahari, kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe:

"Mzee wa Moholo, mkono wako ni mzuli kuliko wetu."

Hakuna aliyemsahihisha, hata katibu.

Kwa desturi ya kazi yao, anayepokea hujibu kwa herufi moja tu, R, yaani nimepokea yote. Mzee akageuka, akasogeza kitufe cha mtambo wa upande wake. Ti, taa, ti. Halafu haraka akakikamata kidole chake kwa mkono wa pili, akakibana, akanitolea macho, anasubiri.

"Imefika, mzee," nikamwambia.